Msitu Ulikuwapo: Picha za Zamani za Setilaiti na Haki ya Ardhi

Katika mabaraza mengi ya ardhi, ugomvi huanza kwa kauli mbili zisizopatana. Mmoja husema, "Hapa palikuwa na msitu." Mwenzake hujibu, "Hapa hapajapata kuwa na msitu. Tulikuta vichaka vitupu." Basi wazee huitwa kutoa ushahidi. Wapo wanaokumbuka vizuri, wapo waliosahau, na wapo, tuseme kweli, waliokwisha kutembelewa usiku na mtu mwenye bahasha. Mwisho wa yote, mwenye sauti kubwa au mwenye karatasi yenye muhuri ndiye aondokaye na ushindi, hata kama muhuri wenyewe ulipatikana gizani.

Kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu tunakijua sote. Nabothi hakushindwa kwa kukosa haki. Alishindwa kwa sababu mashahidi wawili wa uongo walisimama mbele ya watu, na hapakuwa na yeyote wa kuwapinga. Tangu siku hiyo hata leo, ardhi ya mnyonge huchukuliwa kwa upanga mara chache. Mara nyingi huchukuliwa kwa ushahidi. Kwa hiyo kila anayetaka amani ya kweli hana budi kujiuliza: ushahidi wa ardhi unatoka wapi, nani anao, na nani ananyimwa?

Katika toleo hili tunataka kumzungumzia shahidi mmoja ambaye wengi wetu hatujazoea kumwita. Yuko juu ya vichwa vyetu tangu mwaka 1972. Hana ukoo, hana chama, wala hapokei bahasha. Lakini, kama tutakavyoona, naye anaweza kusomwa vibaya, na anaweza kutumiwa na mwenye nguvu dhidi ya asiye na nguvu. Shahidi huyo ni picha za setilaiti.

SHAHIDI HUYU NI NANI?

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha angani chombo cha kwanza kilichokusudiwa kupiga picha za nchi kavu kwa utaratibu, mwaka hadi mwaka. Baadaye kilipewa jina la Landsat, na vyombo vilivyokifuata vimerithi jina hilo. Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984 ikakusudiwa kufanya kazi miaka michache tu. Ikaendelea hadi mwaka 2013. Leo zamu iko kwa Landsat 8 ya mwaka 2013 na Landsat 9 ya mwaka 2021. Kila chombo hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16, na picha moja hufunika nchi yenye upana wa kilomita 185.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake ni kwamba kilima unachokiona ukiwa mlangoni pa kanisa, bonde analolima jirani yako, na chanzo cha mto unaowanywesha watoto wako, vyote vimekuwa vikipigwa picha kwa zaidi ya miaka 50, bila mtu yeyote kijijini kujua.

Ipo hata hazina ya zamani zaidi. Kati ya mwaka 1960 na 1972 Marekani ilikuwa na vyombo vya ujasusi vilivyojulikana kwa jina la Corona, vilivyopiga picha kwa filamu na kuziteremsha duniani kwa miavuli. Picha hizo zilikuwa siri kubwa hadi mwaka 1995, Rais Bill Clinton alipoamuru zaidi ya 860,000 zifunguliwe kwa watu wote. Si kila sehemu ya Afrika imo katika picha hizo, lakini pale zilipo huonyesha hata njia za miguu na mipaka ya mashamba. Tena zipo picha zilizopigwa kwa ndege wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1940 na 1950, ambazo zilitumiwa kuchora ramani nyingi za nchi yetu. Vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya vita na utawala vinaweza leo kumtetea mkulima.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi shahidi huyu alikuwa wa matajiri. Katika miaka ya 1980 na 1990 picha moja ya Landsat iliweza kuuzwa kwa dola elfu kadhaa. Ni parokia gani, ni chama gani cha wakulima, kingeweza kuinunua? Kampuni na wizara ziliona. Wanakijiji walioishi ndani ya picha hawakuona. Mwaka 2008 Marekani iliamua kulifungua ghala lote la Landsat bila malipo, na tangu hapo mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuchukua picha ya mwaka 1973 au 1986 kama vile anavyochukua gazeti. Ukweli uliokuwa umefungiwa kabatini kwa bei sasa uko mezani. Tusipousoma, kosa si la mwingine.

PICHA HUSOMWAJE?

Wako wanaodhani kwamba picha ya setilaiti ni sawa na picha ya harusi: unaitazama na unamjua bibi arusi. Sivyo. Chombo kilichoko angani hupima mwanga unaorudi kutoka ardhini, pamoja na miale ambayo jicho la binadamu haliioni. Jani bichi lenye afya hunywa mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi miale iliyo jirani na mwekundu, iitwayo infraredi. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Maji humeza karibu infraredi yote, na kwa hiyo ziwa huonekana jeusi. Katika picha nyingi za kitaalamu infraredi hupewa rangi nyekundu ili tuione. Ndiyo maana msitu mnene huonekana mwekundu ulioiva, na shamba lililolimwa huonekana la rangi hafifu. Asiyeambiwa hivyo ataona wekundu akafikiri ni moto.

Picha nzima imeundwa kwa vijiraba vidogo viitwavyo pikseli. Katika miaka ya 1970 pikseli moja ilikuwa na takriban mita 80 kila upande. Kuanzia mwaka 1982 zilipatikana pikseli za mita 30, yaani mita za mraba 900, pungufu kidogo ya robo ekari. Vyombo vya Ulaya viitwavyo Sentinel-2, ambavyo cha kwanza kilirushwa mwaka 2015, hufikia mita 10. Hapa pana somo kubwa kwa wasuluhishi wetu. Picha ya mwaka 1973 haiwezi kumaliza ugomvi wa ndugu wawili juu ya mstari mmoja wa miti kati ya mashamba yao. Anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini picha hiyo hiyo inaweza kusema bila kusita kama mlima mzima ulikuwa msitu au malisho.

Kazi ya kuchora mabadiliko ni kama ifuatavyo. Mtaalamu huchukua picha za miaka mbalimbali za mahali pamoja. Kila picha huigawa katika makundi: msitu, nyasi, mashamba, maji, makazi. Kisha huilaza ramani ya mwaka mmoja juu ya ramani ya mwaka mwingine, na kuhesabu: pikseli ngapi zilizokuwa msitu sasa ni mashamba? Hesabu hiyo huzaa hekta, na hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Mwisho, na hili wengi hulisahau, huchagua sehemu kadhaa na kuzithibitisha, ama kwa kwenda kwa miguu, ama kwa picha zilizo wazi zaidi, ama kwa kuwauliza waliokuwapo. Ramani ambayo haikuthibitishwa ni maoni yaliyopakwa rangi.

MAMBO YALIYOONEKANA MAU

Tuchukue mfano tunaoujua sote. Mau, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ni mkusanyiko wa vipande 22 vya misitu vilivyokuwa na zaidi ya hekta 400,000. Ndani yake huzaliwa Mto Mara, Sondu, Njoro, Molo, Ewaso Ng'iro ya Kusini na mingine mingi, ambayo hulisha Ziwa Viktoria, Nakuru, Baringo na Natron. Mto Mara huvuka mpaka, ukapita Serengeti nchini Tanzania, ukaingia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo anayekata mti huko juu anaitikisa ndoo ya mama mmoja Bomet, na ya mama mwingine mkoani Mara ambaye hajapata kusikia jina lake.

Picha za miaka ya 1970 zinaonyesha Mau Mashariki ikiwa imefunikwa kwa rangi nzito ya msitu. Ukizilaza karibu na picha za miaka ya 2000, utaona maeneo makubwa yamegeuka kuwa mistari na miraba ya mashamba. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu Nairobi, lilichapisha atlasi ya Afrika mwaka 2008 na ya Kenya mwaka 2009, zikiwa na picha za namna hiyo za kabla na baada. Jopo maalumu lililoundwa na serikali mwaka 2008 lilitoa ripoti mwaka uliofuata likisema kwamba zaidi ya hekta 100,000, karibu robo ya Mau yote, zilikuwa zimegeuzwa makazi na mashamba.

Lakini faida ya picha za zamani si kutuambia tu kwamba msitu umepungua. Wazee walikwisha kutuambia. Faida yake ni tarehe. Mwezi Oktoba 2001 serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi kumegwa kwa misitu, na ndani ya Mau peke yake zaidi ya hekta 60,000 ziliondolewa katika hifadhi. Mau Mashariki ilipoteza zaidi ya nusu yake. Hata hivyo, ugawaji na ufyekaji katika sehemu hizo ulikuwa umekwisha kuanza katika miaka ya 1990. Karatasi ilikuja nyuma ya panga. Anayeshika picha yenye tarehe mkono wa kulia, na karatasi yenye tarehe mkono wa kushoto, anaweza kuuliza swali ambalo baraza zima la wapiga kelele haliwezi kulijibu: "Ikiwa kibali kilitoka mwaka huu, mbona miti ilikatwa miaka ile?"

Tume iliyoongozwa na Paul Ndungu, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, ilichunguza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kote nchini Kenya. Nalo jopo la Mau lilionyesha kwamba makazi yaliyosemekana kuwa ya wasio na ardhi yaliwaingiza pia watu wenye vyeo na uwezo. Picha zilionyesha mahali na wakati. Kumbukumbu za ofisi zilionyesha majina. Kimoja bila kingine ni mguu mmoja.

Wala kuona si kazi bure. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilikagua misitu ya Mlima Kenya kwa ndege, likaorodhesha tanuri za makaa, ukataji wa miti ya kienyeji, na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Ripoti ilipotolewa hadharani, mwaka 2000 usimamizi wa hifadhi hiyo ulikabidhiwa kwa shirika hilo, na uchunguzi uliofanywa miaka michache baadaye ulionyesha uharibifu umepungua sana. Jambo lililofichwa chini ya majani lilipowekwa wazi, hapakuwa na njia ya kulikana.

TAHADHARI KWA WENYE HARAKA

Tumemsifu shahidi, sasa tumhoji, maana shahidi asiyehojiwa ni hatari.

Kwanza, majira. Picha ya Februari, wakati wa kiangazi, ukiilinganisha na picha ya Juni baada ya mvua, utadhani nchi imefufuka au imekufa, kumbe nyasi tu zimebadilika. Linganisha mwezi na mwezi.

Pili, mawingu. Nyanda za juu hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na vyombo hivi havipenyi wingu. Picha safi za miaka ya 1970 ni chache. Kivuli cha wingu au cha mlima kikisomwa kama msitu, au wingu lenyewe likisomwa kama uwanda mtupu, hesabu yote itapotoka.

Tatu, si kila kijani ni msitu. Pembezoni mwa misitu ya Kenya kuna mikanda ya chai iliyoanzishwa tangu mwaka 1986, na kwa anayeitazama juujuu chai ni kijani kama miti. Tena kuna mashamba ya misonobari na misaipresi yaliyopandwa ili yavunwe. Yakivunwa, picha huonyesha nchi tupu, na mtu asiyejua hupiga yowe kwamba msitu wa asili umeharibiwa. Na kinyume chake: msitu wa asili ukikatwa na kupandwa misonobari, picha inaweza kuonyesha kijani, na mtu asiyejua akashangilia.

Nne, kasoro za vyombo. Tangu tarehe 31 Mei 2003, picha za Landsat 7 zilikuwa na michirizi mitupu kwa sababu kifaa kimoja kiliharibika, na karibu asilimia 22 ya kila picha ilipotea. Asiyejua anaweza kuiita michirizi hiyo barabara au mipaka.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: picha huonyesha nini kimebadilika, haisemi kwa nini. Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990, na wengi wakasema, "Mau imekwisha." Kuanzia karibu mwaka 2010 ziwa hilo hilo lilijaa, likameza nyumba, shule na barabara pamoja na sehemu ya hifadhi ya wanyama. Je, Mau ilikuwa imerudi? La hasha. Waliochunguza walitaja hasa kuongezeka kwa mvua, pamoja na udongo unaochukuliwa na maji kutoka milimani. Mwenye kutoa hukumu kwa picha mbili tu, bila kuuliza mvua, historia na watu, anajenga juu ya mchanga.

PICHA HAIJUI JINA LA MTU

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uchungu. Setilaiti huona kibanda cha maskini kama inavyoona shamba kubwa la tajiri. Ni sisi binadamu tunaochagua kuona kimoja na kufumba macho kwa kingine.

Mara nyingi ramani za misitu zimetumika kama fimbo. Mstari huchorwa, na kila aliye ndani ya mstari huitwa mvamizi. Watu wameondolewa Mau mwaka 2009, mwaka 2018 na mwaka 2019. Nyumba zilibomolewa, watoto wakaacha shule, familia zikalala chini ya turubai kando ya msitu waliotoka. Miongoni mwao walikuwamo walionunua kwa nia njema vipande vidogo kutoka kwa watu waliowaonyesha karatasi zenye muhuri. Je, picha inaweza kumtofautisha aliyedanganywa na aliyedanganya? Haiwezi. Kazi hiyo ni ya sheria yenye macho na dhamiri iliyo hai.

Tazameni habari za Waogiek, ambao wameishi na Mau kwa vizazi vingi, wakirina asali na kujua jina la kila mti. Mwaka 2009 serikali iliwapa ilani ya kuondoka, kwa hoja ya kulinda vyanzo vya maji. Shauri lao lilifika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha, ambayo tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Mahakama haikukana kwamba Mau imeharibiwa. Ilichosema ni kwamba serikali haikuthibitisha kuwa Waogiek ndio chanzo kikuu cha uharibifu. Ripoti zilizotolewa mbele yake zilionyesha uvamizi wa watu wengine, pamoja na serikali yenyewe kumega msitu na kutoa vibali vya kukata miti. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao. Hata hivyo, mwezi Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa tena kwa nguvu huko Sasimwani, katika kaunti ya Narok.

Linganisheni mambo hayo mawili. Ramani inasema, "Msitu umepotea, na ndani yake kuna watu." Haraka yetu inamalizia, "Basi watu hao ndio walioupoteza." Lakini kati ya kauli ya kwanza na ya pili hakuna daraja, sisi ndio tunaoruka. Ukizipanga picha mwaka kwa mwaka, utauliza: uwazi ulianzia upande gani? Ulikwenda kwa vipande vidogo vidogo kuzunguka makazi ya kale, au ulitokea ghafla kwa miraba mikubwa iliyonyooka, kama kazi ya mpima ardhi? Mkono wa maskini na mkono wa ofisi haviachi alama moja. Hivyo ushahidi ule ule uliotumika kuwafukuza wanyonge unaweza, ukisomwa kwa haki, kusaidia kuwatetea.

TUFANYE NINI?

Hatutaki toleo hili lisomwe likafungiwe maandazi. Viongozi wa walei, makatekista na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo, tunawaomba mfikirie hatua hizi pale penye ugomvi wa msitu, wa chanzo cha maji au wa malisho.

Hatua ya kwanza: sikilizeni kabla ya kutazama. Waketisheni wazee, wanawake kwa wanaume, na mchore pamoja nao ramani ya nchi jinsi walivyoikuta. Wanawake msiwasahau, kwa kuwa wao ndio waliochota maji na kuokota kuni, na wanajua ni mwaka gani walianza kwenda mbali. Yaandikeni mliyoyasikia kabla hamjaona picha yoyote, ili picha isije ikawaweka maneno kinywani.

Hatua ya pili: tafuteni picha za nyakati tatu au zaidi, za mwezi mmoja, na muandike tarehe ya kila moja. Vijana wa parokia wanaojua kompyuta wanaweza kuanza na picha za miaka ya nyuma zilizomo katika Google Earth. Kwa jambo zito mwombeni mtaalamu. Nairobi kuna kituo cha kanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuhudumia nchi nyingi za Afrika. Vyuo vikuu vyetu navyo vina walimu na wanafunzi wa fani hii.

Hatua ya tatu: tembeeni. Chukueni picha mkononi mwende mahali penyewe, wote wawili wanaogombana wakiwapo. Kisiki, mfereji wa zamani, mti wa mpaka, hivyo vitaithibitisha picha au kuikosoa.

Hatua ya nne: ziombeni karatasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza utaratibu wake. Tangazo katika gazeti rasmi, ramani ya upimaji, kumbukumbu za msajili wa ardhi: wekeni tarehe zake kando ya tarehe za picha.

Hatua ya tano, iliyo ngumu kuliko zote: msifiche picha inayowaumiza. Itatokea siku ambayo ramani itaonyesha kwamba walioufyeka msitu ni watu wa upande wetu, wa kabila letu, labda wa jumuiya yetu. Siku hiyo ndiyo itakayopima kama tunatafuta haki au tunatafuta ushindi. Anayeupenda ukweli pale tu unapompendeza, hajaupenda bado.

Na ya sita: mziweke picha hizo mikononi mwa wengi. Nakala moja ikikaa kwa mwenyekiti, itageuka kuwa mali yake, na pengine bei yake. Ibandikeni ukumbini, muieleze baada ya ibada, mtoto wa shule aione na bibi aione.

NEEMA NAYO HUPIGWA PICHA

Tusidhani kwamba ghala hilo la picha limejaa misiba mitupu. Mkoani Shinyanga, Tanzania, ambako miti ilikuwa imefyekwa hadi watu wakaiita nchi yao jangwa, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianzishwa mwaka 1986. Badala ya kuwafukuza wenyeji, uliwauliza walikuwa wakifanyaje zamani. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ipumzike. Desturi hiyo ilifufuliwa kaya kwa kaya na kijiji kwa kijiji, na mpango ulipomalizika mwaka 2004 mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yakirudia uoto wake. Mwenye mashaka anaweza kuiona nchi hiyo kutoka angani, mwaka hadi mwaka.

Ndugu wasomaji, Landsat itapita tena juu ya parokia yetu kabla ya mwezi huu kwisha. Haitauliza ruhusa, wala haitatungoja tufagie. Itapiga picha ya vilima vyetu kama vilivyo, na picha hiyo itawekwa ghalani pamoja na zile za mwaka 1973. Miaka 50 ijayo, wajukuu wetu wataitoa, wataiweka kando ya ile ya leo, na watauliza: "Wazee wetu walikuwapo hapa mwaka huu? Walifanya nini?" Tusiache wajibiwe na kisiki. Mkutano ujao wa jumuiya ndogo ndogo uanze na swali moja tu: chanzo chetu cha maji kilikuwaje tulipokuwa watoto, na nani kati yetu yuko tayari kwenda kukitazama?